Kabla Hujampiga Picha Mwanafunzi, Muulize

Wanachuo wenzangu wa ualimu, msimu wa mazoezi ya kufundisha ukifika, stetasi zetu zinajaa watoto wa watu. Huyu hana viatu, yule sare imechanika, na sisi pembeni tunatabasamu. Chini tumeandika: "Wito." Wito wa nani? Mtoto hakuulizwa, mzazi wake hana habari.

Ndiyo maana nataka tumjadili Sarah Waiswa, mpiga picha aliyezaliwa Uganda na anayefanya kazi Kenya. Alisoma sosholojia na saikolojia, akaajiriwa miaka kadhaa, kisha akaacha kazi akashika kamera, fani aliyojifunza mwenyewe. Mwaka 2016 alishinda Tuzo ya Ugunduzi kwenye tamasha la picha la Arles, Ufaransa, kwa mfululizo wa picha za mwanamke mwenye ualbino akiwa Kibera, Nairobi.

Sisi Watanzania jambo hili linatugusa. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, wenzetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, kwa imani za kishirikina. Picha nyingi zilizozunguka duniani zilikuwa za makovu. Zilihitajika, maana bila ushahidi wapo ambao wangebisha. Lakini mtu akionyeshwa kwa jeraha lake tu, mwisho wake tunalijua jeraha, yeye hatumjui. Waiswa alimweka mwanamke yule katikati ya mtaa, amependeza, na swali likahamia kwetu watazamaji: nani kamfanya mgeni hapa?

Mimi natoka Mitwero, na Lindi yetu ina lake la kusema. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo nchini. Kura si sadaka, jamani. Unampa mtu unayeamini atakusemea.

Najua mtaniambia picha ya kusikitisha ndiyo inayoleta madawati. Inaweza kuleta. Ila mtoto atakalia dawati hilo huku darasa zima limeshaona alivyoanikwa, na jina la utani limeshapatikana.

Basi tukienda mashuleni tukubaliane. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kwa mzazi, na kwa mtoto mwenyewe. Ukishapiga, mwonyeshe. Akisema futa, futa palepale, usimbembeleze.

Na ukimkuta mwanafunzi mwenye ualbino, weka simu mfukoni kwanza. Mkalishe mbele aone ubao, andika kwa herufi kubwa, na usimvue kofia yake juani eti si sare. Stetasi inafutika baada ya saa 24. Yeye anabaki na darasa hilo mwaka mzima.