Plasta ya Bega na Safari ya Majini

MVUVI wa dagaa wa Ukara au wa Kome hula kwa bega lake. Kwa bega huvuta wavu usiku kucha, na kwa bega hupandisha gunia mwaloni kunapopambazuka. Likivunjika, jamaa nzima imelala njaa. Ndiyo sababu leo tunazungumzia plasta, ambayo wengi huiita hogo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wako wananchi waaminio kwamba kila aliyeumia bega anastahili plasta, na arudishwapo nyumbani na kitambaa shingoni huona amedhulumiwa. Sivyo. Mtulinga uliovunjika, mara nyingi, huunga mkono ukiwa umetulizwa kwa kitambaa tu. Bega lililoteguka hurudishwa kwanza mahali pake na mtaalamu, kisha hutulizwa vivyo hivyo. Plasta huhitajika hasa uvunjikapo mfupa ulio kati ya bega na kiwiko: ukanda wake hupitishwa chini ya kiwiko na kupandishwa pande zote mbili, ndani hadi kwapani na nje hadi juu ya bega. Mara chache huzungushwa mpaka kifuani, mgonjwa akawa kama aliyevishwa koti la chokaa.

Dawa hii ni jasi. Mholanzi Antonius Mathijsen, tabibu wa jeshi, ndiye aliyeipaka katika bandeji mwaka 1851, na dunia ikamfuata. Lakini haki isemwe: mwaka 1798 Mwingereza William Eton alikwisha kuandika jinsi Waarabu wa Basra walivyomimina jasi kuzunguka kiungo kilichovunjika. Elimu hii, basi, haikuanzia Ulaya peke yake.

Kuifunga kunahitaji subira. Pamba hutangulia, nayo huongezwa kwapani, kiwikoni na kwenye ncha ya bega. Maji yawe ya uvuguvugu, kwa kuwa jasi yenyewe hutoa joto inapoganda, na maji ya moto huweza kumbabua mgonjwa. Fundi hulainisha kwa kiganja, asibonyeze kwa vidole. Kibonyeo kidogo kikigandia ndani huchimba kidonda kisichoonekana. Plasta huwa ngumu kwa dakika chache, lakini kukauka kwake huchukua siku moja hadi tatu, na wakati wa masika huku kwetu hata zaidi.

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ndipo ilipobaki sehemu ya kuuokoa mkono. Kingo zikatwe, pamba ikunjwe nje ili zisikwaruze kwapa. Vidole viachwe wazi. Tarehe iandikwe juu ya plasta. Kucha ibonyezwe na kuachiwa, ionekane kama damu inarudi upesi. Mgonjwa achezeshe vidole na aulizwe kama anahisi akiguswa. Mkono uliovunjika huvimba, nayo plasta haivimbi. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, zimebaki saa chache tu kabla nyama ya mkono haijaanza kufa.

Sasa msomaji atazame ramani. Wilaya ya Ukerewe peke yake ina visiwa 38. Majeruhi hufungwa plasta Mwanza mchana, hukimbilia chombo cha Nansio, na kama ni mtu wa Ukara huvuka tena. Uvimbe humkuta usiku, kisiwani. Je, arudi? Waliopoteza jamaa katika MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 hawahitaji kuelezwa maji haya ni nini. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, ni fahari yetu sote, lakini halifiki Ukara.

Kwa hiyo twawaomba waganga wakuu wa wilaya na mkoa watoe agizo: majeruhi wa visiwani mwenye plasta mpya alazwe mpaka kesho yake. Ikishindikana, plasta iliyozunguka mkono ipasuliwe kwa urefu wake hadi kwenye pamba kabla hajapanda chombo, na apewe barua kwa zahanati ya kwao. Na huko zahanati awepo mtu aliyefunzwa kuipasua bila kuogopa kulaumiwa. Mtumishi anayesubiri ruhusa kutoka ng'ambo ya maji huku vidole vinageuka rangi ameshachelewa.

Nanyi ndugu wa visiwani, plasta isiingie ziwani. Ikilowa hulainika na mfupa hupinda. Msitie kijiti ndani kwa sababu ya mwasho. Tarehe ya kurudi ni amana, hata kama dagaa wamejaa. Wazee waunga mifupa hatuwadharau, kwani wamewatibu babu zetu. Ila banzi zilizokazwa mno huua mkono sawasawa na plasta iliyobana.

Mkasi wa plasta si mtambo wa kungojea wafadhili. Madiwani watakapokutana tena, waanze na swali hili: katika visiwa vyetu vyenye wakazi, ni zahanati zipi zinao, na ni nani pale ajuaye kuutumia?