Nembo ya Taifa na Mkono Ulioichora

Wapo wasemao kwamba nembo ya Taifa ni mali ya wote, hivyo jina la mchoraji si kitu. Sisi twapinga. Rangi ya dhahabu katika ngao ni madini, kama yale ya Geita. Pamba miguuni pa mwanamke ni jasho la wakulima, wa Shinyanga wakiwamo. Mbona jasho la mchoraji lisahauliwe? Francis Kanyasu Maige, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyetajwa kuwa mchoraji, alifariki mwaka 2017 baada ya kuishi katika ufukara. Wengine humtaja Jeremiah Kabati. Jalada la mtumishi wa serikali huandika hata likizo yake. Jina la mchoraji libishaniwe? Taifa liheshimulo kazi huandika majina ya watenda kazi. Walimu na wanafunzi, tuyadai.