Mashine ya Mvuke ya Kusafishia Gari: Tununue au Tusinunue?

Gari la familia halina mapumziko. Jumatatu hubeba watoto wa shule, Jumamosi hubeba gunia la mkaa na mikungu ya ndizi, Jumapili hubeba wanakwaya sita mahali pa watu wanne. Maziwa humwagika, mtoto hutapika njiani, maji ya samaki hudondoka kwenye zulia. Baada ya mwaka mmoja au miwili harufu huwa imekaa, na yule mtoto asiyeweza safari huanza kusikia kichefuchefu hata kabla gari halijaondoka nyumbani.

Hapo ndipo mama anapoanza kufikiria kutoa fedha za upatu ili anunue mashine ya mvuke ya kusafishia ndani ya gari. Muuzaji amemwonyesha doa likitoweka mara moja. Baba naye anasema hizo ni fedha za kutupa, afadhali zisubiri ada. Kabla mambo hayajawa ugomvi, tuangalie mashine hiyo hufanya nini hasa.

Mvuke unavyofanya kazi

Mashine huchemsha maji ndani ya tangi lililofungwa, kisha hutoa mvuke kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Joto hulainisha mafuta na uchafu ulioganda, na mvuke hupenya mahali ambapo kidole hakifiki: matundu ya hewa, reli za viti na mishono ya kitambaa. Maji yanayotumika ni kidogo, wala hapana haja ya dawa kali. Jambo hili ni faraja kwa nyumba yenye mtoto wa pumu. Aidha, utitiri wa vumbi hufa katika joto la nyuzi 60 hivi, mradi joto hilo lifike ndani ya kitambaa na kukaa kidogo, si kupita juu juu.

Lakini tuelewane: mvuke hulegeza uchafu, hauuondoi. Anayeuondoa ni wewe na kitambaa chako. Usipofuta papo hapo, uchafu utakauka palepale ulipokuwa. Na ikiwa maziwa yamezama hadi kwenye sponji ya kiti, mashine ndogo haitayatoa. Itaongeza unyevu tu, na unyevu ukikaa huleta ukungu na harufu mbaya kuliko ile ya kwanza.

Iko mashine ya aina nyingine, ambayo hunyunyiza maji yenye sabuni na kuyavuta tena pamoja na uchafu. Baadhi ya wauzaji huiita nayo mashine ya mvuke. Kwa viti vya kitambaa vilivyolowa uchafu, hiyo ndiyo inayofaa zaidi. Basi kabla ya kulipa uliza waziwazi: "Hii inavuta maji, au inatoa mvuke tu?"

Mahali pa kuwa waangalifu

Maziwa, damu, yai na matapishi visianzwe kwa mvuke. Joto huvigandisha kwenye kitambaa kama yai linavyoganda kwenye kikaango. Anza kwa maji baridi.

Dari ya gari imebandikwa kwa gundi. Ikipata mvuke mwingi kitambaa huachia na kuning'inia. Viti vya ngozi hukauka na kupasuka vikipigwa mvuke mara kwa mara. Redio, swichi na mahali palipofichwa mifuko ya hewa ya kukinga ajali pasielekezewe mvuke kabisa.

Zaidi ya yote, tukumbuke watoto. Mvuke huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka. Wakae mbali, na kifuniko cha tangi kisifunguliwe hata kidogo kabla mashine haijapoa na mvuke wote kutoka.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano, nawe uweke bei za kwenu. Tuseme mashine ni shilingi 400,000, na fundi wa kusafisha viti anatoza 40,000 kwa gari zima. Ukimwita mara mbili kwa mwaka, utalipa 80,000. Itachukua miaka 5 kabla mashine haijarudisha fedha zake, na katika miaka hiyo mwenye kuinama na kusugua ni wewe.

Umeme si tatizo kubwa: mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi saa nzima hutumia uniti moja na nusu. Tatizo kubwa ni matunzo. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa huacha ukoko ndani ya tangi, na mashine huziba. Uliza pia kama vipuri vinapatikana. Mpira mdogo wa kuzuia mvuke ukikatika na usipate mwingine, mashine hugeuka pambo la stoo.

Hesabu hubadilika ikiwa mashine itafanya kazi na nyumbani pia, kwa vigae vya bafuni, jiko lenye mafuta na vyavu za madirisha. Hapo haikai bure mwaka mzima.

Wako pia akina mama wanaofikiria biashara. Ni wazo zuri, ila mashine ya nyumbani haikuundwa kwa kazi ya kutwa. Ile ndogo ya mkononi yenye tangi la robo lita huishiwa baada ya dakika 10 au 15, kisha mnangoja maji yachemke upya. Magari 10 kwa 40,000 yanafika 400,000, lakini hiyo bado si faida. Toa kwanza umeme, maji, sabuni, ujira wa kijana, na siku za mvua ambazo mteja haji.

Jaribu haya kwanza

Toa mazulia yote, yakung'ute na kuyaosha. Piga viti brashi na ufyonze vumbi. Nyunyiza soda ya kuokea kwenye kitambaa kikavu, iache usiku kucha, kisha iondoe. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, halafu fungua milango yote minne juani mpaka sponji ikauke kabisa.

Harufu ikirudi baada ya siku chache, inua zulia la chini na upapase. Pakiwa na maji, huenda mpira wa mlango umechakaa au bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limeziba. Hapo anahitajika fundi, maana hakuna mashine ya kusafishia inayoziba tundu.

Ushauri wetu ni huu: kwa familia yenye gari moja, fedha za upatu zipate kazi nyingine, na fundi aitwe mara moja au mbili kwa mwaka. Mwenye kazi nyingi za mashine nyumbani, au mwenye wateja wa kweli, si wa kutumaini tu, na anunue. Hata yeye kwanza aazime au akodi mashine kwa siku moja, asafishe gari lake mwenyewe, na baba awepo aone. Kazi ya siku hiyo itawapa nyote wawili jibu bila kubishana.