Ukumbi Ukigeuka Stoo

Wanachuo wenzangu, mwezi ujao baraza letu litajadili pendekezo la kukodisha ule ukumbi wa zamani nyuma ya kafeteria kwa mfanyabiashara anayetaka kufungua duka la jumla na stoo ya bidhaa. Pendekezo limeandikwa vizuri, hesabu zake zinajumlika, na sina ugomvi na aliyeliandika. Kodi itaingia kwenye mfuko wa serikali ya wanafunzi, sukari na sabuni huenda zikashuka bei kidogo, na ukumbi ambao kwa sasa unatunza viti vilivyovunjika miguu utapata kazi. Nani atapinga?

Mimi nitapinga, ingawa si kwa zile sababu ninazozisoma kwenye makundi yetu ya WhatsApp, kwamba duka ni uroho na ukumbi ni utamaduni. Maneno matamu, lakini hayana hoja ndani. Duka si adui wa mtu. Ninachopinga ni kifungu cha nne, ambacho nadhani wengi wetu tumekiruka tukikimbilia kwenye kiasi cha kodi: mpangaji ataruhusiwa kubomoa jukwaa na kusawazisha sakafu. Nitaeleza kwa nini hiyo sakafu inaninyima usingizi, ila kwanza twende Unguja.

Mji Mkongwe ulikuwa na sinema tatu ambazo wazee wa kule wanazitaja kama wanavyotaja ndugu: Majestic ya Vuga, Empire ya Darajani karibu na soko, na Cine Afrique ya Malindi. Majestic ilijengwa mwaka 1955 mahali ilipokuwa Royal, sinema ya miaka ya 1920 iliyoungua moto. Empire iligeuzwa duka la vyakula. Cine Afrique nayo ikaangukia kwenye mipango ya maduka. Dar es Salaam, pale Msasani, kulikuwa na sinema ya kutazamia ndani ya gari iliyofunguliwa mwaka 1966, watu wanaegesha, watoto wanapanda juu ya boneti, familia nzima na vyakula vyao. Leo eneo hilo ni la ubalozi wa Marekani. Kampala, sinema ya Norman ikawa kanisa kubwa. Huko Detroit, Marekani, jumba la Michigan la mwaka 1926 lilifanywa maegesho ya magari, na magari yanalala chini ya dari lenye nakshi kama la kasri.

Ukiangalia kwa jicho la mfanyabiashara, hakuna ajabu. Sinema ina ukuta mrefu usio na madirisha, kwa sababu mwanga ni adui wa filamu. Ina paa pana lisilo na nguzo katikati, kwa sababu hakuna anayelipa kiingilio akakaa nyuma ya nguzo. Ina milango mipana ya pembeni, kwa sababu mamia ya watu hutoka kwa mkupuo. Na iko katikati ya mji. Mpe mfanyabiashara sifa hizo bila kumwambia ni jengo gani, atakuambia hilo ni ghala.

Kasoro yake ni moja tu, sakafu. Sakafu ya sinema huinama kuelekea mbele ili wa nyuma wasizibwe na vichwa vya wa mbele. Huwezi kupanga katoni za mafuta ya kula kwenye mteremko. Basi linamwagwa zege, linasawazishwa, biashara inaanza. Ukiingia kwenye duka la namna hiyo leo usihangaike na rangi za mbele, tazama juu ukuta wa nyuma. Mara nyingine utaona matundu mawili matatu ya mraba, yamezibwa au hayajazibwa. Ndimo mwanga wa projekta ulimopita. Matundu hayamsumbui mtu, ndiyo maana huachwa. Sakafu ndiyo haiachwi, na ikishasawazishwa hakuna kamati itakayopata fungu la kuirudisha.

Kuna kitu lazima tukiseme kwa haki: sinema zetu hazikuuawa na maduka. Maduka yalikuta maiti. Zanzibar majumba yalichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara ilikuja sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na wengi waliojenga sinema kwa fedha zao wakajikuta wapangaji wa Msajili wa Majumba. Kazi ya kuagiza na kusambaza filamu ikakabidhiwa shirika la umma, Tanzania Film Company. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zikakauka, nakala mpya zikawa adimu, mashine ikiharibika hakuna kipuri. Wakati huohuo mikanda ya video ikaingia majumbani, na mwaka 1994 televisheni ikaanza rasmi Bara. (Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, na wanapenda sana kutukumbusha.) Ukumbi uliokuwa ukijaa Jumapili kwa filamu ya Kihindi hadi walanguzi wa tiketi wakafanya ajira pale nje, sasa una watu kumi na paa linavuja. Hapo ndipo anakuja mtu na ofa ya kukodi. Anaonekana mkombozi, na kwa kiasi fulani ni kweli ni mkombozi.

Ukumbi wetu uko kwenye hatua hiyohiyo. Hatujauuza, tumeutelekeza. Projekta iliharibika, taa zikafa moja moja, idara ikaleta viti vibovu “kwa muda”, na muda ukawa miaka. Halafu tunasema hautumiki!

Sasa msomaji atauliza, wewe Msukuma wa Nkoma sinema unazijulia wapi? Swali zuri. Sikukulia kwenye mji wenye jumba la sinema. Nkoma, wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, mimi nilikulia kwenye kibanda umiza. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, turubai mlangoni, jenereta nyuma linalopiga kelele kuliko filamu yenyewe. Kiingilio shilingi mia mbili, mechi za Ulaya mia tano. Msimu wa pamba pesa ikishaingia, tulibanana hadi mtu anatazama kupitia kwapa la mwenzake. Tuliangalia za Kichina zilizowekewa sauti ya Kiswahili na wale watafsiri ambao mkubwa wao alikuwa Lufufu wa Dar, mtu aliyeweza kumfanya askari wa Hong Kong aongee kama konda wa daladala. Na tuliangalia za Kanumba. Jamani, Kanumba! Kijana wa Shinyanga, na sisi wakati huo tulikuwa Shinyanga. Alifariki Aprili 2012, mwaka uleule mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa, na kwenye kibanda kile watu wazima walikaa kimya, wengine wanajifuta macho kwa mikono yenye vumbi la shambani.

Leo kibanda kile ni stoo. Mbegu, saruji, mabati. Yale mabenchi yamepigiliwa ukutani yakawa rafu. Likizo iliyopita nilimwamkia mwenyewe, tukaongea. Ana raha zake. Alinieleza huku akicheka kwamba saruji haidai irudishiwe pesa jenereta likizima katikati ya filamu. Vijana wana simu, wenye uwezo wana ving'amuzi, yeye ana familia. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile, na nisingekubali mtu wa chuo aje kunihubiria utamaduni.

Lakini kuna jambo kuhusu kibanda kile ambalo nimekuja kuliona vizuri nikiwa huku. Dada zangu hawakuwahi kuingia. Hata mara moja. Haikuandikwa mlangoni kwamba wasichana hawaruhusiwi, ila saa ile ya jioni walikuwa wanachota maji na kupika, na msichana ambaye angeonekana akitoka mle usiku jina lake lingekuwa limeshachafuka kabla hajafika nyumbani. Walimjua Kanumba kwa kusimuliwa na sisi, tena vibaya, maana tulikuwa tunaruka sehemu za mapenzi tukifika kwa mama.

Linganisha na zile sinema za mjini. Zanzibar na miji mingine ya pwani kulikuwa na maonyesho maalumu ya wanawake, mchana, wanakwenda na mashoga zao, wanalia na kucheka bila mwanamume wa kuwatolea macho. Na Jumapili familia nzima ilitoka, bibi hadi mjukuu. Mambo hayo hayakuja kwa bahati. Kulikuwa na jengo lenye mlango unaofahamika, viti, taa nje, ratiba inayojulikana, na mwenyewe ambaye biashara yake ingeanguka kama mama wa mtu angebughudhiwa pale. Nyumba ya namna hiyo inampa mwanamke ruhusa ya kuwa nje jioni bila kujieleza. Kibanda chetu hakikuweza. Simu nayo haiwezi, maana simu inamrudisha chumbani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema, “Nani anahitaji ukumbi, kila mtu ana skrini mfukoni.” Ni kweli kila mtu ana skrini. Pita bwenini saa tatu usiku, wanne chumba kimoja, kila mmoja ndani ya chandarua chake na spika za masikioni, bando likikata ndipo anamsalimia jirani. Wenye bumu lililobaki wanakwenda maduka makubwa ya mjini, kule tiketi moja na nauli ni chakula cha siku kadhaa. Wavulana wana vibanda vya mpira nje ya geti. Wasichana wana nini? Nimewauliza wengi darasani kwangu. Wana chumba, na wana maktaba hadi inapofungwa. Ukumbi ule uko ndani ya uzio, hatua chache kutoka mabweni yao, njia ina taa. Hatuna jengo jingine lenye sifa hizo.

Na tusidanganyane kwamba kukusanyika kutazama ni jambo la wazungu lililoletwa na magari ya sinema. Kweli Waingereza walijaribu: kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wenye makao Vugiri, Tanga, uliotengeneza filamu za kufundisha Waafrika na kuzizungusha kwa lori vijijini. Lakini Usukumani watu walishakuwa na mashindano ya ngoma baada ya mavuno, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ona hapo, kinachohesabiwa ni watu waliokuja kusimama pamoja. Pengine ndiyo sababu Msukuma anaumia akiona uwanja umefungwa.

Turudi kwenye pesa, maana najua mjumbe mmoja ameshakasirika. Kodi tunaihitaji. Sawa. Buenos Aires, Argentina, kuna jumba lililofunguliwa 1919 kama ukumbi wa maonyesho, likawa sinema, na mwaka 2000 likageuzwa duka la vitabu. Duka kweli, linauza kweli. Lakini jukwaa liliachwa, likawa mahali pa kunywea kahawa, roshani ziliachwa, dari lilikaa na michoro yake, na watu wanatoka mabara mengine kwenda kununua kitabu pale. Nairobi, sinema ya Shan pale Ngara haikuwa duka, ilichukuliwa na wasanii wa sarakasi ikaitwa Sarakasi Dome. Jengo likiachiwa umbo lake linaweza kufanya kazi mbili, na miaka ikipita linaweza kurudi kwenye ya kwanza. Majestic ya Vuga, pamoja na kuchakaa kote kule, bado ina watu wanaoidai irudi kuwa mahali pa sanaa. Wanaidai kwa sababu bado ipo.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Mfanyabiashara apewe vyumba viwili vya pembeni na baraza inayotazama barabara. Duka la sabuni na daftari halihitaji zaidi ya hapo. Akihitaji stoo kubwa aitafute nje ya geti, ziko. Mkataba uwe wa mwaka mmoja mmoja. Kodi yake ya miezi ya mwanzo inunue taa na projekta, kisha Ijumaa na Jumamosi jioni ukumbi ufunguliwe kwa kiingilio kidogo, ukisimamiwa na kamati yenye wasichana nusu. Filamu tuzipate kwa ruhusa ya wenyewe. Tusije tukaanza kwa kuwaibia wasanii halafu COSOTA wakatugongea mlango. Kuna vijana wengi wanaotengeneza filamu fupi hapa nchini na hawana pa kuzionyesha. Waalikwe, waje na kazi zao, waulizwe maswali.

Kama hata hayo ni mengi kwa kikao kimoja, basi kifungu cha nne kifutwe kabla ya kura. Mengine yote, kodi, miezi, nani ashike funguo, tunaweza kubishana muhula mzima na mwakani tukabadilisha mawazo. Mwakilishi wa darasa lako unamjua. Wengi wao wanapatikana kafeteria saa saba mchana, foleni ya wali maharage, na hawana pa kukimbilia.