Chifu aliyechaguliwa kwa kura

KIBARAZA CHA JUMATANO
Na Rehema Mwaipaja

Machifu wamerudi midomoni mwa Watanzania. Tangu Septemba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliposimikwa kule Kisesa, Mwanza, na kupewa jina la Chifu Hangaya, usinga na ngozi za chui si vitu vigeni tena kwenye sherehe zetu. Mazungumzo, hata hivyo, yamebaki kwenye mavazi na itifaki: nani akae wapi, nani aitwe kwa jina gani. Swali ninaloliona kubwa kuliko hayo halijapewa nafasi. Serikali ikimtaka chifu afanye jambo ambalo watu wake wanalikataa, chifu huyo asimame upande gani?

Yupo mtu aliyelijibu swali hilo kwa maisha yake yote, na kabla ya kuwa chifu alikuwa mwalimu wa shule. Aliitwa Albert John Luthuli.

Alizaliwa karibu mwaka 1898 katika misheni ya Solusi, jirani na Bulawayo, ambako baba yake alikuwa mkalimani wa wamisionari wa Kisabato. Baba alifariki mtoto akiwa mdogo sana. Mama yake, Mtonya Gumede, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi katika nyumba ya Mfalme Cetshwayo wa Wazulu, alimrudisha kijana Natal, Afrika Kusini, ili asome. Akalelewa Groutville na ndugu wa baba yake, Martin Luthuli, aliyekuwa chifu wa hapo. Huko nyumbani ndiko alikojua uchifu, kwa kuwaona wazee wakiingia na mashauri yao na kutoka.

Akasomea ualimu Edendale, akafundisha shule ndogo ya vijijini, kisha mwaka 1920 akapata nafasi ya kuendelea na masomo Adams, chuo cha wamisionari wa Kimarekani kusini ya Durban. Alipomaliza wakambakiza awe mwalimu, wakati ambapo walimu Waafrika chuoni hapo walikuwa wa kuhesabika. Alifundisha Kizulu na muziki, akaongoza kwaya. Alipopewa ufadhili wa kwenda Chuo cha Fort Hare aliukataa, kwa sababu mshahara wake wa pauni 10 kwa mwezi ulikuwa ndio unaomtunza mama yake. Mwaka 1928 walimu wenzake wa Natal walimfanya katibu wa chama chao, na mwaka 1933 wakampa urais wa chama.

Wazee wa Groutville walipoanza kumfuata wakimtaka agombee uchifu, alisitasita kwa muda wa miaka miwili hivi. Mimi kusitasita huko kunanigusa kuliko ushindi wowote alioupata baadaye. Groutville ilikuwa eneo la misheni, na chifu wa pale hakurithi kiti. Alipigiwa kura na wakazi. Luthuli angeweza kusema hapana na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa na kazi ya heshima, nyumba ya chuo, na mshahara wa uhakika. Uchifu ulikuwa na posho ndogo isiyolingana hata kidogo na mshahara wa Adams. Mtu anayekimbilia cheo huwa hahitaji miaka miwili ya kufikiri. Mwishoni mwa mwaka 1935 akakubali, na Januari 1936 akaanza kazi akiwa na jamii ya watu wapatao 5,000 mikononi mwake.

Hapa ni lazima nimtaje mkewe, kwa maana habari za wanaume wakubwa husimuliwa mara nyingi kana kwamba walikuwa wanapika wenyewe. Nokukhanya Bhengu naye alikuwa mwalimu, na babu yake alikuwa chifu. Walioana mwaka 1927. Mume alipokuwa bado Adams, yeye ndiye aliyehamia Groutville kumtunza mama mkwe na kulima. Chifu aliyekataa kujineemesha kwa faini na rushwa, tabia iliyokuwa imezoeleka kwa machifu wengi wa siku zile, aliweza kukataa kwa sababu mkewe alikuwa shambani na jembe, akipanda miwa na mboga. Watoto wao saba walilishwa na kusomeshwa kwa jasho hilo. Uadilifu wa Luthuli ulikuwa wa watu wawili, na aandikaye juu yake bila Nokukhanya anaandika nusu.

Chifu mpya akaanza kazi. Asubuhi aliketi kusikiliza kesi: mpaka wa shamba, mahari, ugomvi wa majirani, vijana waliopigana kwenye pombe. Alipenda kuwaacha watu wabishane mpaka jambo lieleweke, kama mwalimu anayeona fahari mwanafunzi anapogundua jibu mwenyewe. Akafungua mikutano ya kijiji kwa wanawake, jambo ambalo halikuwa kawaida. Baadaye aliandika kwamba miaka ya Adams ilikuwa imemtenga na maisha ya watu wake, na kwamba Groutville ndiko alikouona umaskini uso kwa uso, siku kwa siku: familia nyingi, ardhi kidogo, na sheria zinazozidi kubana.

Mfano mzuri ni miwa. Mwaka huohuo wa 1936 serikali iliweka sheria ya mgao wa sukari ili viwanda visipokee miwa kupita kiasi. Kila mkulima akapangiwa kiwango chake. Kwa mzungu mwenye mamia ya ekari hilo lilikuwa usumbufu. Kwa Mwafrika mwenye kijishamba lilikuwa njaa, maana hata kidogo alichovuna kingeweza kukataliwa kiwandani. Luthuli akakifufua chama cha wakulima wa miwa cha Groutville, kisha akaunganisha wakulima wa Natal na Zululand katika chama kimoja. Wakapigania mgao uhesabiwe kwa pamoja badala ya mtu mmoja mmoja, ili aliyepungukiwa afidiwe na jirani aliyezidisha. Wakafanikiwa. Ushirika wa namna hiyo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na wa pamba wa Usukuma wanauelewa bila kufafanuliwa.

Lakini kila alikogusa alikuta ukuta. Mwaka 1936 haukuleta sukari peke yake. Ulileta pia sheria ya ardhi iliyowawekea Waafrika takriban asilimia 13 ya nchi yao wenyewe, na nyingine iliyowaondoa wapiga kura Waafrika wa Cape kwenye daftari la kawaida. Na juu ya vyote ilikuwapo sheria ya mwaka 1927 ya utawala wa wenyeji, iliyomfanya Gavana Mkuu, mzungu, kuwa Chifu Mkuu wa wenyeji, mwenye uwezo wa kuteua na kufukuza chifu yeyote. Kwa hiyo Luthuli alikuwa amechaguliwa na watu, lakini karatasi ya ajira ilikuwa Pretoria.

Katikati ya miaka ya 1940 akajiunga na chama cha ANC, na mwaka 1951 akawa rais wa chama hicho Natal. Juni 26, 1952 ikaanza kampeni ya kuvunja kwa makusudi sheria za ubaguzi: watu wakaketi kwenye mabenchi ya wazungu, wakaingia stesheni kwa milango isiyo yao, wakakubali kufungwa. Chifu aliyeunga mkono uvunjaji wa sheria! Wizara ya Mambo ya Wenyeji ikamwita Pretoria mbele ya katibu wake mkuu, Dakta W. W. M. Eiselen. Akaambiwa achague kimoja: ANC au uchifu.

Akakataa kuchagua. Kwake havikuwa vitu viwili. Chifu ni mtumishi wa watu, na watu walikuwa wanadai haki yao, sasa angejitenga nao ili aendelee kuwatumikia kwa namna gani? Novemba 1952 serikali ikamvua uchifu. Yeye akatoa tamko akieleza jinsi alivyobisha hodi kwa miaka 30, kwa upole na subira, kwenye mlango uliobaki umefungwa. Desemba, mwezi mmoja tu baadaye, ANC ikamchagua kuwa rais wake wa nchi nzima. Na watu hawakuacha kumwita Chifu. Nchi yake ilimwita hivyo, na dunia nayo ikamwita hivyo mpaka siku ya mwisho.

Kuhusu Eiselen kuna jambo lisilosemwa vya kutosha. Mtu huyo aliyekutana na Luthuli kumtaka aachie kimoja ndiye aliyeongoza tume iliyoandaa njia ya Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953, elimu iliyokusudiwa kumzalisha Mwafrika asiyetazamia zaidi ya kibarua. Kwa sheria hiyo Chuo cha Adams kilichukuliwa na serikali mwaka 1956. Darasa alilolifundisha Luthuli na kiti alichopewa na Groutville vilipokonywa na dola moja, kwa sababu ileile: vyote viwili vilikuwa vinawazoesha watu kufikiri na kuamua pamoja.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Amri za kumzuia kuondoka wilayani kwake, kuhutubia, kunukuliwa. Kukamatwa Desemba 1956 katika kesi ya uhaini ya watu 156. Kuichoma hadharani pasi yake, kile kitambulisho Waafrika walicholazimishwa kubeba, Machi 1960, baada ya polisi kuua watu 69 Sharpeville. Kisha Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, aliyokabidhiwa Oslo Desemba 10, 1961, Mwafrika wa kwanza kuipata. Serikali ilimpa kibali cha siku chache tu za kusafiri. Oslo aliimba Nkosi Sikelel' iAfrika. Usiku wa kuamkia Desemba 9, siku moja kabla ya tuzo, Tanganyika ilikuwa imepandisha bendera yake kwa tuni hiyohiyo ya Enoch Sontonga, maneno yakiwa yetu, Mungu Ibariki Afrika. Fedha za tuzo zilinunua mashamba Swaziland kwa ajili ya wakimbizi, na Nokukhanya akawa anakwenda huko kuyalima.

Julai 21, 1967 Luthuli alikutwa amejeruhiwa vibaya kwenye reli karibu na kwake, akafariki siku hiyohiyo. Uchunguzi wa wakati ule ulisema treni ilimgonga kwa ajali. Familia haikuamini kamwe. Oktoba 30, 2025 Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg ilitengua uamuzi huo na kutamka kwamba kifo chake kilitokana na kupigwa, na kwamba polisi wa utawala wa kibaguzi walihusika. Miaka 58!

Sisi tuna kisa kinachofanana na hiki, kikiwa kimegeuzwa. Julius Nyerere alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akawa mwalimu, na mwaka 1955 alipoambiwa achague kati ya kufundisha Pugu na kuiongoza TANU, akaacha chaki. Juni 1959, Luthuli alipokuwa ametoa wito wa kususia bidhaa za Afrika Kusini, Nyerere alikuwa miongoni mwa waliohutubia mkutano wa London ulioanzisha mgomo huo Uingereza. Na mwaka 1963 serikali ya Nyerere ilifuta uchifu kisheria. Sioni mgongano hapo. Machifu wengi wa Tanganyika walikuwa wameshageuzwa na Waingereza kuwa wakusanya kodi, na nchi changa ilihofia ukabila. Kilichofutwa kilikuwa ofisi iliyokuwa imeshapoteza wenyewe.

Ndiyo sababu nataka tunapoufufua uchifu, hata kama ni wa kimila tu, tuseme waziwazi tunaufufua upi. Wapo machifu wenye hekima leo, wanaosuluhisha ugomvi wa ardhi na kutunza misitu ya matambiko ambayo bila wao ingekuwa mkaa zamani. Nawaheshimu. Lakini nawaona pia wanaopangwa mstari kumpokea kila mgeni mwenye msafara, wanaomvika joho mwanasiasa leo, na kesho wakamkimbia mpinzani wake. Umoja wa Machifu Tanzania una nafasi ya kuandika kanuni zake mwenyewe, na ningependa uanze na mambo ambayo Groutville ya Luthuli inatufundisha: chifu apatikane kwa ridhaa ya wakazi inayoweza kuonekana, wanawake wakae barazani na kusema, mapato yoyote yatokanayo na kiti yasomwe mbele ya watu. Na anayetaka kiti hicho aulizwe, kabla ya kuvishwa chochote, atafanya nini siku mkuu wa wilaya atakapomwita ofisini na kumwambia achague.