Tunalipia Spea, Hatulipii Akili

Hata mimi niliwahi kuandika mtandaoni kwamba mafundi wote ni wezi. Nilikuwa ndani ya matatu, natoka Voi narudi Mraru mikono mitupu, shilingi 7,500 zimeenda na mashine bado haiwaki. Watu sitini na kitu waliipenda. Leo naandika kujipinga, na kama wewe ni mmoja wa hao sitini, nakupinga pia.

Mashine yenyewe ni ya mama, ya kukata nyasi, imenizidi umri. Aliinunua mnadani, nayo ndiyo inayotulisha: mama hukata nyasi za nyumba mbili za wageni na uwanja wa kanisa kule Voi. Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika na nyasi zinaota mchana na usiku, ikazima. Ukivuta kamba inakupiga mkono, inakohoa mara moja kupitia kabureta, basi, kimya.

Fundi aliisikia ikikohoa akasema kabureta imekufa. Tukanunua mpya, 4,500. Ikakohoa vilevile. Akasema basi ni koili. Tukanunua, 3,000. Ikakohoa. Siku kumi na mbili zikapita. Nyumba moja ya wageni ikampa kazi mtu mwingine, na huko kwingine mama akarudi kwa slasha, mgongo wake ule wa miaka hamsini na nne.

Safari ya tatu alikwenda mwenyewe, mimi nikamfuata nikiwa nimejiandaa kwa vita. Mama hakupigana. Alisema, "Fundi, leo sinunui kitu. Nakupa mia tano uniambie tu inaugua nini."

Fundi alimwangalia kidogo, kisha akavuta kiti. "Mama, siku ile ilizima ikifanya nini?"

"Iligonga jiwe."

Wiki mbili, na hilo swali halikuwa limeulizwa. Akafungua kifuniko, akaondoa flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu ya injini. Kati yake na shafti hukaa kipande cha chuma laini, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mafundi hukiita kii. Kimetengenezwa makusudi kiwe dhaifu, ili kisu kikigonga jiwe kikatike chenyewe na shafti ipone. Chetu kilikuwa kimekatika nusu. Flaiwili ikasogea kidogo, na cheche ikawa inatoka wakati usio wake. Petroli ilikuwepo, moto ulikuwepo, ila havikukutana kwa saa inayofaa. Ndiyo maana kamba ilipiga mkono. Kii mpya, shilingi 150. Ikawaka kwa mvuto wa pili.

Sasa sikia. Fundi ni yuleyule, mikono ni ileile. Kilichobadilika ni tulichomlipia. Mara mbili za kwanza tulimlipia kitu cha kubeba, naye akatupa kitu cha kubeba. Kwani angekula nini? Angekaa saa nzima akichunguza, kisha akwambie ni kipande cha 150, ungempa ngapi? Ungempa hiyo 150 na "asante boss." Najua, kwa sababu mimi ndivyo ningefanya. Kwa hivyo anaficha ujira wake ndani ya spea, na spea ikiwa kubwa, ujira unakuwa mkubwa. Huo mpango tumeujenga sisi wateja, halafu tunaulaani.

Utasema: nikimlipa ada ya kuchunguza ataila na bado atabahatisha. Inawezekana. Lakini kubahatisha unakujua ukikuona, kwa sababu kuchunguza kuna utaratibu, na utaratibu huo si siri. Je, petroli ni mbichi, au imelala humo tangu kiangazi ikaacha ulimbo kwenye jeti? Plagi ikitolewa baada ya kuvuta kamba, imelowa au ni kavu? Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika, tafuta moto. Ukitia matone ya petroli moja kwa moja kwenye kabureta na mashine ikaunguruma sekunde mbili kisha ikafa, moto upo. Sasa ndio uifungue kabureta. Na ukiona mtu anachokoa jeti kwa waya wa chuma, mzuie: akikipanua kile kitundu, mashine itakunywa mafuta kupita kiasi daima. Ikiwa moto upo na mafuta yapo na bado inapiga mkono, uliza habari za jiwe. Na akitaka kukuwekea kipande cha msumari badala ya kii, kataa, maana jiwe lijalo litavunja shafti.

Utasema pia: si ununue mpya tu? Wewe wa Nairobi, labda. Hapa Mraru tunajua bei ya kumiliki injini. Mwaka 1975 kikundi cha wanawake wa hapa kilinunua basi, baada ya kuchanga miaka kadhaa, kwa kuwa magari ya kwenda Voi yalikuwa yakijaa na wao kuachwa barabarani. Habari zao zilichapishwa hadi Marekani. Kinachosifiwa siku zote ni ule mchango na ile siku ya kununua. Lakini basi huendeshwa kila siku, na linapozeeka gereji hudai fungu lake. Kununua ni siku moja. Kutunza ni miaka yote inayofuata, na huko ndiko tunakokuwa bahili.

Basi kesho ukipeleka simu, pikipiki au laptopu yako, usianze na "spea ni pesa ngapi?" Uliza, "Kuniangalizia ni pesa ngapi?" Mpe, kaa pale, na umjibu kila anachouliza, hata kama kosa lilikuwa lako.

Kabureta yetu ya zamani iko chini ya kitanda changu. Ni nzima kabisa. Ile nyumba ya wageni haijaturudishia kazi.