Wimbo Ulitoka Tana, Picha Haikurudi

Kila Mkenya anajua kusimama wima wimbo wa taifa ukipigwa. Wachache wanajua kwamba sauti yake ilitoka kwetu. Mwaka 1963, tume ya wanamuziki watano iliyokuwa ikitafuta wimbo wa nchi mpya iliuchukua wimbo ambao mama wa Kipokomo, kando ya mto Tana, humbembelezea mwanawe, ikautilia maneno mengine na kuipa nchi. Kisha kwa miaka mingi televisheni ya serikali ikawa inafunga matangazo ya usiku kwa wimbo huo huo. Basi hebu fikiria: watoto wa Nairobi wanalazwa kwa sauti ya mama wa Tana River, na mama mwenyewe yuko gizani, hajui kama kuna kitu kimefunguliwa wala kufungwa.

Nimeambiwa mara nyingi niache kulalamika, eti haya ni mambo ya mitambo, si ya siasa. Haya, tuanze na mitambo.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 kwa mtambo wa Limuru, ambao mawimbi yake yalifika takriban kilomita 24 tu. Iliwatosha Nairobi na majirani zake. Mwaka 1964 shirika likataifishwa, likaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1970 kikafunguliwa kituo cha televisheni Mombasa, na tangu siku hiyo kwenye makaratasi ya wakubwa Pwani ikahesabiwa kuwa imepata. Pwani gani? Mawimbi ya televisheni huenda moja kwa moja. Yakigonga kilima au yakifika mwisho wa upeo, yamekwisha. Ndiyo maana kituo kikubwa huzaa vituo vidogo, hivi ambavyo watu huviita busta, vya kuipokea picha na kuisukuma mbele. Taita wana mlima Vuria, zaidi ya mita 2,200 kwenda juu, na minara imejaa pale. Sisi wa delta hatuna mlima. Kutoka Mombasa hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, na huku kwetu nchi ni tambarare kama mkeka. Nchi ya namna hii inataka mnara mrefu, na mnara mrefu unataka mtu wa kuutia kwenye bajeti. Hapo ndipo mitambo inapokuwa siasa.

Naikumbuka runinga ya kwanza kijijini kwetu. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, ikila betri ya gari. Mwenyewe aliifunga antena kwenye boriti ndefu nyuma ya nyumba, mtoto mmoja akawekwa kuizungusha, mwingine mlangoni anapiga kelele: "Zungusha! Hapo hapo! Aa, umepitisha!" Tulichopata siku nyingi ni chengachenga, na sauti ya mtu kama yumo mtungini. Jioni moja, joto limezidi na mvua iko karibu, picha ikaja safi kwa dakika kama kumi. Tulinyamaza sote. Mzee mmoja jirani akauliza, "Hawa wanasema nini kuhusu sisi?" Hakuna aliyemjibu. Lilikuwa tangazo la sabuni.

Na msiniambie kwamba sisi ni wachache. Sensa ya 2019 ilitupata watu 315,943 katika kaunti yenye zaidi ya kilomita mraba 35,000. Zanzibar ilianzisha televisheni yake, tena ya rangi, mapema miaka ya 1970, ikiwa na wakazi wasiofika nusu milioni, wakati Tanzania Bara haina runinga na Kenya bado inaangalia nyeusi na nyeupe. Unguja na Pemba zote mbili zingeingia ndani ya Tana River mara kumi na nafasi ikabaki. Mtasema walikuwa na pesa za karafuu. Kweli. Na Kenya ilikuwa na kahawa, chai, na utalii wa Pwani hii hii. Kituo cha Zanzibar kilikuwa cha serikali na kilisema ya serikali, sikisifii kwa hilo. Nakisifia kwa jambo moja: kamera ilikuwa upande ule ule wa maji na mtazamaji.

Halafu ikaja dijitali. Rais Kibaki aliizindua Desemba 2009, na mwaka 2015 mitambo ya zamani ikazimwa. Februari ya mwaka huo vituo vikubwa vya binafsi vilipotoweka hewani kwa wiki kadhaa kwa sababu ya ugomvi wa leseni na ving'amuzi, nchi nzima ililia kwamba iko gizani. Sisi tulicheka kidogo. Karibuni, tulisema, tusogeeni.

Leo hali ni tofauti, sikatai. Garsen mjini utaona madishi juu ya mabati, na vibanda vya video hujaa vijana wakati wa mpira wa Uingereza. Mtoto wa Minjila anajua majina ya walinda lango wa London. Muulize jina la mwakilishi wadi wake na alichosema Hola wiki iliyopita. Dijitali ilituongezea vituo vya kutazama. Mahali pa kusemea haikutuongezea.

Sisi huonekana lini? Huonekana damu ikimwagika. Tarehe 22 Agosti 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Kufikia mwisho wa mwaka, baada ya Kipao, waliokufa walikuwa wamepita 100. Kamera zikaja baada ya moto, zikakaa siku chache, zikaenda zake. Nchi ikabaki na sentensi moja tu kutuhusu: Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji wanauana. Sisemi kituo cha televisheni kingezuia mauaji. Mizizi yake ni ardhi, malisho, njia za mifugo kwenda mtoni, na wanasiasa waliojua kuichochea. Lakini uvumi ulipopita kijiji hadi kijiji, hapakuwa na sauti ya hapa, yenye kuaminika na pande zote mbili, ya kusema: hili ni kweli, lile ni uongo. Wazee wa gasa wa Wapokomo na matadeda wa Waorma wamekuwa wakiketi na kupatanisha watu tangu kabla ya hiyo Limuru. Kikao chao hakina moto wala maiti, kwa hivyo si habari.

Au huonekana maji yakija. Juu ya mto wetu yako mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanayowasha taa za nchi. Yakijaa na kufurika, maji hushuka, hupita Garissa, hupita Hola, ndipo yafike Garsen, na safari hiyo huchukua siku. Siku! Muda wa kutosha kuhamisha mama, mtoto, mbuzi na gunia la mpunga. Onyo hutolewa Nairobi, husomwa Nairobi, kwa lugha ya Nairobi. Mafuriko ya 1997, ya 2018, ya 2023, ya 2024: kila mara maji yana uhakika wa kufika kuliko habari.

Wako watakaosema simu imeshamaliza mambo haya. Simu ndiyo iliyoupa uvumi mbio. Na onyo lililotumwa kwa bando halimfikii mtu asiye na mtandao, asiye na chaji, au asiyesoma.

Kwa hivyo ninachodai si busta jingine. Busta hubeba sauti ya mwenzako kukuletea. Nadai chumba cha habari Garsen, cha umma, kianze na redio kikishindwa kuanza na picha, chenye watangazaji wa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, na kisiwe mali ya mheshimiwa yeyote. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Sheria imeunda Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni za mawasiliano huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao ili waliosahauliwa wafikiwe. Basi tufikieni. Lakini mkifika, muje na maikrofoni inayoelekea kwetu.

Yule mzee alishakufa. Juzi nilikuwa kwenye kibanda kimoja, taarifa ya habari ikaanza, na kijana nyuma yangu akamwuliza mwenzake swali lile lile. Mwenzake akabadilisha stesheni.